Naanza udaktari Kisumu: spoti, sapu, kuklaki ni nini?

MwanaNjoro:
Hamjambo wakubwa. Mimi ni wa Njoro, Nakuru. Nimeitwa kusomea udaktari Kisumu na tunaripoti mwezi ujao. Nimeingizwa kwenye kikundi cha wanafunzi kwa simu, na nusu ya yanayosemwa siyaelewi. Mmoja anaandika "tukutane kwa kadava baada ya spoti", mwingine analia ana sapu. Nyumbani hakuna aliyefika chuo nimuulize. Na kama kuna desturi, naomba mniambie mapema nisije nikakosea watu adabu.

NyarAhero:
Karibu sana, mdogo wangu. Niko mwaka wa sita, na maswali yako ndiyo yaliyoninyima usingizi nilipokuja.

MBChB, jina la kozi yako, ni Kilatini, shahada mbili kwa pamoja: tiba na upasuaji. Hiyo "Ch" ni chirurgia, neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake kazi ya mikono. Ni miaka sita, kisha mwaka wa intanshipu, yaani kufanya kazi chini ya usimamizi, hospitalini kabla ya kusajiliwa kikamilifu.

Spoti ni mtihani wa anatomia, somo la viungo vya mwili. Meza zimepangwa, kila moja ina kiungo kilichochomwa pini au kufungwa uzi. Unaandika jina la kilichoonyeshwa, kengele inalia, unasonga meza ya pili. Sapu ni kurudia mtihani ulioanguka. Mimi nilipata ya fiziolojia, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, mwaka wa kwanza, nikasoma likizo nzima, nikapita. Ukiipata, usijifiche.

Kadava ni mwili wa marehemu mnaojifunzia. Hapa tulia kidogo. Siku ya kwanza fomalini, dawa ya kuhifadhi mwili usioze, itakuchoma macho, na harufu utarudi nayo bwenini. Sisi tulikuwa wanane kwa mwili mmoja, wa mzee mwenye kovu refu gotini. Mhadhiri alitukataza kumpa jina la utani wala kupiga picha, kisha akatusimamisha kimya kabla hatujashika kisu. Lile kovu nililiwaza wiki nzima. Alianguka na baiskeli? Jembe lilimteleza? Hadi leo nikishika goti la mgonjwa namkumbuka yule mzee, na nashukuru kwamba alitufundisha.

Kuklaki utaanza ukiingia wodini. Ni kuketi na mgonjwa umuulize kwa mpangilio: kilichomleta na kilianza lini, magonjwa ya zamani, dawa anazomeza, ya familia. Kisha ndipo unampima. Kwenye raundi, madaktari wakipita kitanda kwa kitanda, unasimama mbele ya daktari bingwa ukaeleza yote hayo bila kusoma.

Mwaka wa nne nilieleza habari za mama mmoja: "maumivu ya kichwa, siku tatu." Bingwa akauliza, "Yeye mwenyewe alisemaje?" Alikuwa amesema kwa Kijaluo *wiya bar*, kichwa changu kinapasuka. Nikarudishwa kitandani nimuulize kilipasuka vipi. Kumbe kilianza ghafla, mara moja, akiwa anateka maji, na shingo sasa ilikuwa imekakamaa. Mimi nilikuwa nimeyafuta yote hayo kwa maneno machache ya kitabuni. Alipelekwa kupigwa picha ya kichwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo naandika neno la mgonjwa kama alivyolitamka, kwa Kijaluo, Kiluhya au Kiswahili, ndipo natafuta jina lake la kidaktari. Ukishika desturi moja tu, shika hiyo.

Sista_Kondele:
Nyar Ahero amesema kweli. Mimi ni muuguzi, miaka mingi wodini. Kijana, ukiingia wodi salimia wauguzi kwanza, ujitambulishe. Sisi ndio tunajua nani hakulala usiku na nani amekataa uji. Jifunze pia kuuliza kwa Kijaluo *Ere kama rami?*, yaani ni wapi panakuuma, hata kama matamshi yatakupiga chenga. Kina mama watakusaidia.

Na ukisikia watu wanasema "Russia", ni Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, barabara ya Kakamega. Wasovieti ndio walioijenga miaka ya 1960, na jina likabaki.

MwanaNjoro:
Asanteni sana, dada na mama. Nimemsomea baba, akasema nirudie hapo pa mzee mwenye kovu. Swali moja: nimeambiwa ninunue mifupa na stetoskopu kabla ya kuripoti. Ni lazima?

NyarAhero:
Hapana, usimpe mtu pesa. Sisi tuliazimwa boksi la mifupa kwa kikundi, tukasaini, tukalirudisha mwisho wa mwaka. Stetoskopu ingoje hadi wodi zikaribie. Kwa sasa nunua koti jeupe, mawili ukiweza, kwa sababu moja litakuwa linanuka fomalini. Na ukifika Kisumu niandikie hapa, nitakupeleka soko la Kibuye ukanunue godoro.