Majirani hawatujui, kanisa tuanzie wapi?

Mwanakwaya: Wapendwa naombeni ushauri, kanisa letu jumapili linajaa ila majirani tunaopakana nao ukuta kwa ukuta hawatujui kabisa, wanatusikia kwenye spika tu. Tulifanya mkutano wa injili wakaja wawili watatu wakapotea. Tuanzie wapi?

Shemasi: Anzeni kwa kusikiliza. Nendeni wawili wawili mlango kwa mlango bila vipeperushi, ulizeni hali, nani anaumwa, mzee gani anaishi peke yake, alafu mrudi tena, hapo kwenye kurudi ndo kuna kazi yenyewe. Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wautakie amani mji waliopelekwa, na haukua mji wao!

Mtumishi: Shemasi umenena. 1742 kule Bristol, Uingereza, watu wa John Wesley, yule mhubiri aliyeanzisha Wamethodisti, waligawanywa vikundi vya kama 12 ili walipe deni la jengo, kiongozi anapita kwa kila mtu kila wiki kuchukua mchango, na huko kupita ndo akaanza kujua shida za watu majumbani. Jaribuni hivyo.

Mwanakwaya: Barikiwa sana. Ntaongea na mchungaji tuanze na wale wa nyuma ya kanisa.