Ini lenye mafuta na kovu: kidonge cha resmetiromu, sindano ya semaglutaidi, au nikomae na uzito tu?

KimyaKingi
Wakuu, habari zenu. Nimeambiwa nina mafuta kwenye ini na kovu limeshaanza. Daktari amenipa mawili ya kufikiria kabla hatujaonana tena: kidonge cha resmetiromu (Rezdiffra) kila siku, au sindano ya semaglutaidi (Wegovy) mara moja kwa wiki. La tatu ni langu mwenyewe: nipunguze uzito kwa nguvu zangu, nisimeze wala kuchoma chochote. Mke wangu yuko upande wa kidonge, mdogo wangu upande wa sindano, na kila mmoja ana video zake za kunionyesha. Mliopita njia hii, ipi bora?

NesiWaZamu
Bora kwa nani? Umri? Uzito? Kisukari unacho? Kovu ni daraja la ngapi, na limepimwa kwa nini: ultrasaundi, FibroScan (mashine inayopima ugumu wa ini) au walichukua kinyama cha ini kwa sindano? Pombe? Hepatitis B na C umepima? Unameza dawa gani nyingine? Bila hayo unatuomba tukupigie ramli.

JongooMwendo
Sindano, mkuu, usizunguke. Soma utafiti wa ESSENCE wa 2025. Watu 800 wenye MASH, yaani ini lenye mafuta ambalo limeshavimba, na kovu daraja la 2 au la 3, wiki 72. Kati ya waliochomwa semaglutaidi ya miligramu 2.4, 62.9% uvimbe wa ini uliisha bila kovu kuongezeka. Waliochomwa dawa bandia, 34.3%. Waliopungua kovu lenyewe ni 36.8% dhidi ya 22.4%. Marekani waliiidhinisha kwa ugonjwa huu Agosti 2025. Halafu kitambi nacho kinaondoka, unataka nini tena?

chumvi_nusu
Umezisoma namba zako mwenyewe lakini? Theluthi nzima ya waliochomwa dawa bandia nao uvimbe uliisha. Mtu akijua anafuatiliwa anakula kwa adabu. Na kinyama chenyewe ni kipande chembamba kama uzi kutoka kiungo cha kilo moja na nusu, ukichoma sehemu nyingine unaweza kupata jibu jingine. Mimi sizikatai dawa, nakataa hii shangwe.

Tausi
Mimi ni kidonge. Kinakwenda hadi kwenye ini, kinaamsha kipokezi cha homoni ya dundumio aina ya beta, ini linaunguza mafuta yake lenyewe. Hakikupunguzii hamu ya kula, ingawa kuharisha na kichefuchefu vinaweza kukupata mwanzoni. Kilikuwa cha kwanza kabisa kuidhinishwa Marekani kwa MASH, Machi 2024. Utafiti wake, MAESTRO-NASH, ulikuwa na watu 966. Kipimo cha miligramu 100: 29.9% uvimbe uliisha, dawa bandia 9.7%. Kovu lilipungua kwa 25.9% ya watu dhidi ya 14.2%. Na lehemu mbaya inashuka pia.

JongooMwendo
29.9 na 62.9, dada Tausi. Hesabu ya darasa la pili hiyo.

BabuHesabu
Hapana kijana, ndiyo hesabu inayokosewa kila siku. Hizo ni tafiti mbili, watu tofauti, wasomaji wa vinyama tofauti. Tazama dawa bandia: huku 9.7, kule 34.3. Kipimo cha haki ni tofauti ndani ya utafiti mmoja. Kwenye uvimbe sindano inazidi dawa bandia kwa pointi 28 na ushee, kidonge kwa pointi 20. Kwenye kovu ni 14 na ushee dhidi ya karibu 12. Na kovu ndilo linalotabiri nani ataishia kwenye sirosisi, ini lililojaa kovu. Pengo lenu limebaki dogo, na hata hilo dogo silitii sana maana dawa hizo mbili hazikushindanishwa ana kwa ana.

Jambo la pili ambalo video hazisemi: zote mbili zimepita kwa idhini ya haraka, kwa ushahidi wa kinyama. Kama zinazuia sirosisi na vifo, tafiti zilezile bado zinaendelea ili kuonyesha. Msisahau asidi ya obetikoliki. Nayo ilipunguza kovu kwenye utafiti, mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikataa Juni 2023 kwa sababu madhara yalizidi faida.

KimyaKingi
Asanteni. Nina miaka 46. Kisukari sina, sukari iko mpakani. Enzaimu za ini: AST 62, ALT 85. Chembe sahani za damu 190. Hepatitis zote mbili hasi. Pombe ni wikendi tu.

NesiWaZamu
"Wikendi tu" ndiyo jibu la kila mgonjwa niliyewahi kumpokea. Chupa ngapi?

BabuHesabu
Wakati tunasubiri chupa: FIB-4 yako, alama ya kukisia kovu la ini, ni umri mara AST, gawanya kwa chembe sahani zidisha kipeuo cha pili cha ALT. 46 × 62 ni 2,852. Chini tunapata kama 1,752. Jibu 1.63. Chini ya 1.3 ungetulia, juu ya 2.67 ungekimbia. Uko katikati, na mtu wa katikati anahitaji FibroScan. Ulipima?

mpole_mpole
Jamani, mnamtia mtu sumu za viwandani wakati kuna vidonge vya mimea vya kusafisha ini. Asilia kabisa, havina madhara. Mwezi mmoja tu ini linakuwa kama la mtoto. Njoo inbox nikuelekeze.

ShangaziTena
Inbox hapana, sema hapa hapa watu wasikie. Na mimi niseme yangu.

Shemeji yangu alipimwa akaonekana ana mafuta kidogo kwenye ini. Hana kovu. Enzaimu zimepanda kidogo tu, daktari akamwambia apunguze uzito arudi baadaye. Akaona huo si uponyaji, mtu huendi hospitali ukarudi mikono mitupu. Akanunua kwa mtu vidonge vya majani ya chai ya kijani vilivyokolezwa, kopo lina picha ya jani na maji yanatiririka. Akawa anameza asubuhi tumbo tupu, na siku akijisikia vizuri anaongeza.

Kwanza ilikuwa uchovu. Tukasema kazi. Halafu kuwashwa usiku, anajikuna mpaka shuka lina damu. Mkojo ukawa mweusi kama chai iliyochemka mno, macho yakageuka njano. Hospitali wakapima hepatitis A, B, C, E, wakatafuta mawe kwenye nyongo, wakauliza pombe, wakamuuliza anameza nini. Kila akiulizwa anasema "simezi dawa yoyote". Kwake yale yalikuwa majani. Dada yangu ndiye aliyebeba kopo akaliweka mezani kwa daktari, na daktari akakaa kimya kidogo akilisoma nyuma. ALT ilikuwa imepita elfu moja. Neno kupandikiza ini lilitajwa mbele ya watoto.

Waliyasimamisha yale majani, ini likatulia polepole kwa miezi. Si kila mtu anapata bahati hiyo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishasema mwaka 2018 kwamba EGCG, ile kemikali ya chai ya kijani, ikifika miligramu 800 kwa siku kwenye virutubisho kuna dalili za ini kuumia. Kikombe cha chai hakina shida. Kopo ndilo lenye shida. Kwa hiyo ndugu mpole_mpole, ukija na hadithi ya ini la mtoto, njoo na kipimo cha kila kidonge na vipimo vya damu vya kabla na baada.

mpole_mpole
Pole kwa shemeji. Ila parasetamoli nayo inaua ini na inauzwa kila kona. Mbona hamuipigii kelele?

NesiWaZamu
Tunaipigia. Huko Marekani na Uingereza ndiyo inayoongoza kuua ini kwa ghafla. Lakini kipimo chake kinajulikana, sumu yake inajulikana, na dawa ya kuiokoa ipo: asetilisisteini, ikiwahi. Kopo lako dawa yake ya kuokoa ni ipi?

JongooMwendo
Turudi kwenye sindano basi.

chumvi_nusu
Turudi kwenye uzito, ambao mnauruka kama shimo la taka. Utafiti wa Kuba, 2015, watu 293 kwa mwaka mmoja, chakula na mazoezi tu. Waliopunguza 10% ya uzito au zaidi, 90% uvimbe uliisha na 45% kovu lilirudi nyuma. Si kidonge hicho wala sindano hiyo iliyofika hapo. Bila kutapika.

BabuHesabu
Na waliofika hiyo 10% walikuwa mmoja kati ya kumi. Hilo usiliache nje.

JongooMwendo
Haswaa! Na kwenye ESSENCE wastani wa kupungua ulikuwa 10.5%. Yaani sindano inampa mtu wa kawaida kile ambacho wenye nidhamu ya kijeshi tu walikipata.

Tausi
Mpaka aache. Utafiti wa STEP 1 ulipofuatilia walioacha, ndani ya mwaka theluthi mbili ya uzito ilikuwa imerudi. Unaoa ile sindano, mkuu.

JongooMwendo
Na kidonge utakiacha lini?

Tausi
Hilo nakupa.

ShangaziTena
Vitamini E je? Daktari wa zamani wa mama alikuwa anaandikia watu.

BabuHesabu
Ilifanya kazi kiasi kwenye utafiti wa PIVENS, 2010: hali ya ini iliimarika kwa 43% ya watu dhidi ya 19% wa dawa bandia, kwa wasio na kisukari, yuniti 800 kila siku kwa karibu miaka miwili. Kovu haikuligusa kwa uhakika. Na kwa mwanaume kuna utafiti wa SELECT, 2011, ulioonyesha saratani ya tezi dume ikiongezeka kwa 17% kwa wanaume waliomeza yuniti 400. Mimi nisingeianza kienyeji.

chumvi_nusu
Kahawa. Nashangaa hakuna aliyeitaja. Uingereza waliangalia watu karibu laki tano, wanywaji wa kahawa walikuwa na vifo vya magonjwa sugu ya ini pungufu kwa 49%.

NesiWaZamu
Walitazama, hawakujaribu. Anayekunywa kahawa nyingi anaweza kutofautiana na asiyekunywa kwa mambo ishirini mengine. Kunywa kama unaipenda, isiwe ndiyo tiba.

chumvi_nusu
Haya, dawa za wengine zina namba, kahawa yangu ikija na namba inaitwa "walitazama".

KimyaKingi
Nilikuwa safarini. Chupa: Ijumaa nne, Jumamosi tano, Jumapili mbili au tatu za kutoa uchovu. FibroScan nilipima, iliandika 9.4. Nilikuwa nimetoka kunywa chai na chapati mbili.

BabuHesabu
Chupa ya nusu lita ya bia ya 5% ina karibu gramu 20 za pombe tupu. Kumi na moja au kumi na mbili ni gramu 220 hadi 240 kwa wiki. Mpaka wa kuita ini lako la mafuta "lisilo la pombe" kwa mwanaume ni gramu 210. Umevuka, mkuu. Na tafiti zote mbili mnazogombania hapa ziliwaweka kando wanywaji wa kiasi hicho. Yaani zile asilimia zote hazikupimwa kwa mtu kama wewe.

NesiWaZamu
Na 9.4 baada ya chapati haina thamani kubwa, chakula kinapandisha namba. Rudia ukiwa hujala angalau kwa muda wa saa 3. Ikibaki juu ya 8 ndiyo mazungumzo ya dawa yana maana. Ikishuka, unaweza kukuta huhitaji kuchagua chochote kati ya hivi. Kwanza Jumamosi hizo.

JongooMwendo
Kuna wanaosema hizi sindano zinawapunguzia hata hamu ya pombe. Natupa tu.

NesiWaZamu
Usitupe tu. Na hujanijibu, KimyaKingi: dawa nyingine unazomeza? Na kwenye ukoo hakuna aliyewahi kupata saratani ya dundumio, ile aina ya medula? Hilo linaifunga sindano moja kwa moja.

KimyaKingi
Dundumio hakuna. Dawa ni ya lehemu tu, rosuvastatini miligramu 40, nilipewa na daktari wa moyo. Hii nayo inahusu?

Tausi
Inahusu sana! Ukiwa kwenye resmetiromu rosuvastatini haitakiwi kuzidi 20. Daktari wa ini anajua unaimeza?

KimyaKingi
Hakuniuliza.

chumvi_nusu
Na wewe hukumwambia. Kama ulivyotufanyia sisi.

mgeni_2
Samahani kuingilia. Mimi nina hepatitis B na ultrasaundi imeonyesha mafuta pia, virusi ni 3,400, ALT 41, mwanaume. Nimeambiwa nisubiri. Nisubiri?

BabuHesabu
Kwa mwongozo wa WHO wa 2024, virusi zaidi ya 2,000 na ALT juu ya kawaida, ambayo kwa mwanaume ni 30, unaingia kwenye wanaopewa dawa. Fungua uzi wako, uandike umri, kipimo cha figo na kama umepima VVU, maana hapo kuna dawa mbili za kuchagua, tenofoviri na entekaviri, na wapo watakaogombana mpaka usiku.

JongooMwendo
Entekaviri.

NesiWaZamu
JongooMwendo, hajafungua hata uzi.