Nzi weupe kwenye Shangi, dawa haiwashiki

MkulimaNjoro: Viazi aina ya Shangi, ekari 1, wiki ya 7. Ukigusa shina, nzi weupe wanaruka kisha wanatua palepale. Majani ya chini yananata na yameingia weusi kama masizi. Jirani ana nyanya. Nimepiga dawa ya wadudu ya pairethroidi mara 3 ndani ya siku 12. Niongeze kipimo?

WaruMolo: Usiongeze. Pindua jani la chini kabisa. Vile vidude bapa vilivyoganda kama magamba ndio watoto wao, na dawa yako haiwafikii. Yai huchukua wiki 3 hadi 4 kuwa nzi kukiwa na joto, baridi yetu huchelewesha. Isitoshe, pairethroidi inamaliza nyigu wadogo wanaotaga ndani ya watoto hao, kwa hiyo ni kama unawafuga nzi wenyewe.

Chukua sabuni ya kunyunyizia mimea (si ya unga ya kufulia), mililita 200 hadi 400 kwa pampu ya lita 20. Sabuni huua kwa kumgusa mdudu tu, ikikauka kazi imekwisha. Geuza nozeli itazame juu na uipitishe chini ya majani, alfajiri, nzi wakiwa bado wazito. Rudia kila siku 5 hadi 7, mara 3, maana mayai hayafi. Maji yakitoa mabonge badala ya povu, tumia ya mvua. Jua kali ukipiga, majani yataungua.

Agroveti_Nakuru: Ikibidi dawa ya dukani, soma kiambato, si jina la chupa. Imidaklopridi na asetamipridi ni viambato vya kundi moja. Kutoka hii kwenda ile hujabadilisha kitu. Buprofezini huwazuia watoto kujivua ngozi, ila nzi wakubwa utaendelea kuwaona wiki ya kwanza, usikimbilie kuirudia. Hakikisha lebo inataja viazi, na uhesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna.

MkulimaNjoro: Na haya majani yanayojikunja juu kama bomba?

WaruMolo: Hiyo kwa kawaida ni virusi vinavyoletwa na vidukari, au mbegu ilikuja navyo. Mashina kama hayo usiyaachie mbegu. Huyo jirani, akimaliza nyanya, ang'oe na kufukia siku hiyohiyo. Zikiachwa zinyauke, nzi wote watahamia kwako.