Naomba ushauri: nguzo, mbao za ubavuni au rola za kuongozea boti kwenye trela?

Mvuvi wa Jumamosi

Wakuu, heshima kwenu. Nina boti ya faiba ya futi 17, mashine ya nguvu za farasi 60, na trela ya ekseli moja yenye mbao mbili ndefu za kulalia zilizovikwa kapeti. Kushusha hakuna taabu, taabu ni kurudi. Nashushia upande wa Msasani, Dar, na kipindi hiki cha kusi upepo wa alasiri unanipiga ubavuni. Omo (mbele ya boti) inaingia vizuri, lakini nikianza kuzungusha winchi tezi (nyuma ya boti) inachepuka kama ng'ombe aliyekataa zizi. Trela ikitoka majini nakuta mkuku, ule uti wa chini ya boti, hauko katikati, boti imelalia ubao mmoja, inabidi nirudishe gari tena huku foleni inanisonya nyuma.

Kijana anayenisaidia huingia maji ya kifua kusukuma. Hilo silipendi hata kidogo, mtu kusimama kati ya boti na madigadi.

Nataka kufunga miongozo. Nimeona nguzo mbili za PVC zinazosimama nyuma ya trela, nimeona mbao fupi za ubavuni zenye kapeti, na nimeona rola za pembeni. Fundi wa mtaani kwangu ananisukumia rola. Mliotumia hivi vitu, nianze na kipi? Nawasilisha.

Baharia Mstaafu

Mkuu, kabla ya kununua chochote, trela unaizamisha kiasi gani? Wengi mnaizamisha mno. Boti inaelea juu ya mbao zake, haigusi kitu, halafu mnashangaa upepo unaicheza. Anza kwa kuzamisha mpaka maji yafike karibu na mgongo wa madigadi, usipitilize. Theluthi ya mbele ya mbao ionekane juu ya maji au ifunikwe kidogo tu. Hapo omo inakamata mapema, na tezi inabaki na nafasi ndogo ya kuchepuka. Mteremko mkali unahitaji kina pungufu, wa kulala unahitaji kina zaidi, kwa hiyo chora alama ya rangi kwenye madigadi yako pale panapokufaa.

Mwanaziwa

Salamu kutoka Mwanza. Huku hatuna kupwa na kujaa, lakini upepo wa ziwani mchana unajua kusukuma. Nilianza na nguzo za PVC na bado ninazo. Faida yake kubwa ni macho: trela ikizama huioni, ila nguzo unaziona ukiwa kwenye usukani, na hata kwenye kioo cha gari unapoirudisha tupu. Lakini usizitegemee zibebe boti. Bomba la PVC linapinda, boti nzito ikilala juu yake na upepo nyuma yake linakwenda nayo. Kama unazifunga, ingiza bomba la chuma ndani, ziba kichwa kwa kifuniko maji ya mvua yasitulie humo, na zipite ukingo wa boti kwa nusu mita hivi.

Fundi Chesisi

Nachomelea trela, naomba niseme la kazi yangu. Usikubali mtu achomelee miongozo kwenye chesisi ya galvanaizi, yaani iliyopakwa zinki. Moto unaunguza zinki, kutu inaanzia palepale, na ule moshi mweupe wa zinki unamwangusha fundi kwa homa usiku. Usitoboe pia. Funga kwa bolti za U zinazokumbatia bomba la chesisi, nati zenye nailoni ndani ili zisilegee kwa mtikisiko wa barabara. Ukitumia bolti za U ni rahisi kusogeza mwongozo hata sentimita moja, na utausogeza tu, hakuna anayepatia mara ya kwanza.

Kuhusu rola: mkuu, fundi wako hajakosea kabisa, ila anafikiria trela inayobeba boti kwa rola pekee. Rola inagusa sehemu ndogo. Boti ikigonga kwa mawimbi, uzito wote unakwenda kwenye alama ya upana wa vidole viwili vya mkono. Kwenye faiba nyembamba utaona mstari wa nyufa ndogo. Na zile nyeusi za raba zinapaka ubavu masizi yasiyotoka kwa sabuni.

Mdau wa Mtwapa

Nakubaliana na Fundi. Hapa Mtwapa kuna mkondo kwenye mlango wa maji, siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) unasukuma kuliko upepo. Mimi natumia mbao za ubavuni, za mita moja na nusu hivi, zenye kapeti la baharini, zimesimama sambamba na ubavu. Zinachukua msukumo kwa urefu wote badala ya nukta moja. Mkondo ukisukuma, boti inaegemea ubao na kuteleza mbele, hakuna wa kuishika.

Angalia mambo mawili. Ubao uguse sehemu iliyonyooka ya ubavu, si pale tumbo linapokunjika. Na usibebe uzito: mbao za chini ndizo zinazobeba, hizi zinaongoza tu.

Mvuvi wa Jumamosi

Asanteni sana. Kwa hiyo mbao za ubavuni zishike, nguzo zionyeshe, rola niachane nazo. Nafasi kati ya ubao na boti niache kiasi gani?

Mdau wa Mtwapa

Weka boti kwenye trela katikati sawasawa, kwenye ardhi tambarare, mkuku ukiwa pale unapoutaka. Kisha acha sentimita 2 mpaka 3 kila upande. Ukibana kabisa, boti ikikaa kidogo tu upande itakwama majini na utaivunja mikono ya chuma inayoshika mbao. Ukiacha nafasi kubwa hujafanya kitu. Pima mbele na nyuma ya ubao, mara nyingi ubavu unapanuka kuelekea katikati ya boti.

Mama Pwani

Wanaume mnasahau msimu. Kusi ikiisha ikaja kaskazi, upepo unageuka, basi mwongozo wa upande mmoja usiuone kama ndio wa kazi. Funga yote miwili sawa. Na kule Dar bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, mwisho wa zege la mteremko unaweza kukuishia chini ya gurudumu maji yakipwa. Trela inashuka kwenye ukingo, mwongozo unapinda. Tazama jedwali la maji kabla ya kupanga kurudi.

Kijana wa Feri

Jamani si umlipe tu yule dogo aendelee kusukuma, ubahili gani huu 😂

Baharia Mstaafu

Dogo akibanwa mguu utalipa hospitali. Apewe kamba mbili, moja omo moja tezi, asimame juu ya gati, upande upepo unakotoka. Kamba ya tezi ikikazwa boti haichepuki, na hiyo ni kazi ya leo kabla miongozo haijafungwa.

Fundi Chesisi

La mwisho kutoka kwangu: trela ya bahari ioshwe kwa maji yasiyo ya chumvi kila ikitoka, hasa ndani ya mikono ya miongozo, chumvi inakaa humo. Kapeti lipigiliwe kwa stepu za chuma cha pua, za kawaida zinaoza na kuchana faiba. Na ukifika ufukweni usiingize beringi majini zikiwa za moto. Zikipoa ghafla zinavuta maji ndani, grisi inageuka uji. Acha gari lipumue kidogo, wewe uandae kamba.

Mvuvi wa Jumamosi

Nimeelewa. Bolti za U naenda kuzitafuta Kariakoo kesho. Mdau wa Mtwapa, ile mikono ya chuma ya mbao zako umeikunja au imeunganishwa? Ukiweza tuma picha ya kiungo cha chini.