Matairi yaliyokuja na gari kutoka Japani: yanatosha kwa barabara za Mbeya au nibadilishe?

Uyole_Juu

Wakuu, naomba ushauri wa kitaalamu. Gari ni Toyota Premio ya 2008, inavuta kwa mbele, tairi 195/65R15 91S. Imetoka bandarini wiki hii. Muuzaji anasema matairi ni ya kiwandani, nisiyaguse. Nilichosoma ubavuni ni hiki:

Mbele yote mawili yanaishia na tarakimu 4719. Kashata (meno ya tairi) bado nene, yameandikwa STUDLESS na yana mchoro wa mlima wenye alama ya theluji ndani.
Nyuma yote mawili ni 3216, kashata kama milimita 4, ubavuni kuna nyufa nyembamba.
Spea ni lile jembamba, 1508.

Njia zangu ni Uyole hadi mjini kila siku, Tukuyu hadi Kyela mara kwa mara, na Isyonje kupanda Kitulo msimu wa viazi. Mvua zinakaribia. Niendelee nayo? Kama ni kubadilisha, ninunue mawili au manne? Na nikipandisha saizi kidogo, gari litainuka?

Fundi_Nzovwe

Mkuu, kwenye gari lako tairi la kiwandani ni moja tu, nalo ni hiyo spea. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1508 ni wiki ya 15 ya 2008, yaani Aprili, inaendana na mwaka wa gari. Hayo mengine yalifungwa baadaye huko huko Japani. Matairi ya soko la Japani wakati mwingine hayana herufi DOT kabla ya namba hizo, usihangaike kuzitafuta. Kwa hiyo neno "kiwandani" liweke pembeni, tuangalie kila tairi lilivyo.

Ya mbele ndiyo yanayonitia wasiwasi, ingawa ndiyo yanayoonekana mapya. Studless ni tairi la theluji. Mpira wake ni laini ili usikakamae kwenye baridi ya chini ya sifuri, na kila kashata imechanjwa mistari mingi myembamba kama ya wembe. Ukiwa Kyela kwenye lami ya moto, kashata hizo zinalala na kuyumba unapokanyaga breki. Gari linachelewa kusimama, hasa lami ikiwa imelowa, usukani unaitika kwa kuchelewa, na mpira unaisha upesi. Wapo wanaosema Mbeya ni baridi kwa hiyo yanafaa. Hapana. Baridi kali ya Uyole ni ya alfajiri ya Juni na Julai, na jua likipanda inaisha. Mvua zetu ni za Novemba hadi Mei, na wakati huo hakuna baridi ambayo tairi hilo lilitengenezewa.

Jambo jingine: tazama ndani ya mifereji ya tairi hilo. Utaona vinundu vya aina mbili. Vifupi vinaonyesha milimita 1.6, kikomo cha tairi lolote. Virefu vinaonyesha nusu ya kashata, na tairi la theluji likifika hapo, kule Japani halihesabiki tena kuwa la theluji.

Ya nyuma: 3216 ni Agosti 2016. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likivuka miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 litolewe hata kama kashata ipo. Milimita 4 peke yake ningekuambia endelea kidogo. Lakini nyufa za ubavuni zinaonyesha mpira umekauka, na tairi lililokauka halishiki lami ya mvua hata likiwa na kashata. Jaza upepo vizuri, pitisha tochi pembezoni mwa rimu na chini ya mifereji. Ukiona ufa ulioingia ndani, au nyuzi, au sehemu imevimba, hilo halifai hata kwenda nalo Kyela mara moja.

Badilisha yote manne. Kuchanganya mpira laini mbele na mpira mkavu nyuma ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa sababu kwenye kona za kushuka Tukuyu mvua ikinyesha nyuma ndiyo inaachia kwanza.

Kona57

Nakubaliana na Fundi, ila nataka kuweka sawa suala la matairi ya kiwandani, maana wenye gari jipya kabisa nao huuliza hivi hivi.

Kampuni ya gari inapoagiza tairi huangalia mafuta, kelele na uzito kwanza. Tairi linatengenezwa lizunguke kwa wepesi ili gari lipate namba nzuri za matumizi ya mafuta. Hilo si baya. Lakini wepesi wa kuzunguka na kushika lami iliyolowa ni vitu vinavyovutana, na kupata vyote viwili kunahitaji mpira wa gharama. Ndiyo maana tangu 2010 matairi mengi ya Japani yana lebo yenye alama mbili: AAA hadi C kwa wepesi wa kuzunguka, na a hadi d ndogo kwa kushika lami yenye maji. Kwa milima yetu soma hiyo herufi ndogo kwanza. Pia ujue kwamba tairi la dukani lenye jina lile lile la kiwandani linaweza kuwa na mpira tofauti, kwa hiyo kununua jina peke yake hakukuhakikishii chochote.

Kwa hiyo gari jipya lenye matairi ya kawaida yenye afya, yatumie. Hakuna faida kutupa tairi zima. Yafikishe milimita 3 ndipo ubadilishe. Usisubiri 1.6, kwa sababu kati ya 3 na 1.6 uwezo wa kusukuma maji unashuka sana, na barabara kuu ya Igawa hadi Tunduma ina mabonde yaliyochimbwa na malori ambamo maji yanatuama.

Vitu vya kiwandani vya kuheshimu bila mjadala ni saizi, namba ya uzito na herufi ya mwendo. Yako ni 91S: 91 ni kilo 615 kwa kila tairi, S ni kilomita 180 kwa saa. Ukipewa namba ndogo kuliko 91, kataa, hasa wewe unayebeba viazi. Kubwa zaidi ni sawa.

Mwanjelwa_Spea

Mkuu, kwenye matairi yasiyo ya Japani tafuta ubavuni maneno TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. Wauzaji wengi watakusifia TREADWEAR kubwa, 500 na kuendelea, kwamba tairi halitaisha. Namba hiyo kila mtengenezaji anajipimia mwenyewe, na mara nyingi mpira mgumu unaodumu ndio unaoteleza kwenye mvua. TRACTION ndiyo kipimo cha breki kwenye lami iliyolowa: AA ndiyo ya juu, kisha A, B, C. Kwa Tukuyu usishuke chini ya A.

Na tarehe uisome hata kwenye tairi "jipya". Tairi lililopangwa nje ya duka likipigwa jua miaka mitatu limeshazeeka. Omba lisilovuka miaka miwili.

Uyole_Juu

Ndaga fijo wakuu. Manne basi. Suala la kuinua gari je? Kuna mtu ameniambia 205/70R15 inaingia bila shida.

Kona57

Tupige hesabu. 195/65R15: ubavu ni asilimia 65 ya 195, yaani milimita 126.75. Zidisha mara mbili, ongeza rimu ya inchi 15 ambayo ni 381, unapata kipenyo cha 634.5. Hiyo 205/70R15 ni 668, imezidi kwa asilimia 5.3. Gari litainuka kwa nusu ya tofauti tu, kama milimita 17. Hapo hapo spidi ikisoma 80 utakuwa unakwenda 84, gia zinakuwa nzito mlimani, na ukikata usukani mpaka mwisho huku umebeba mzigo tairi linaweza kukwaruza bodi ya ndani. 195/70R15 inazidi kwa asilimia 3 na inakuinua milimita 10. 205/65R15 inazidi kwa 2 na inakuinua milimita 6 na nusu.

Kama njia ya Kitulo inakugusisha chini, angalia springi na shokapu za nyuma kwanza. Zikichoka, gari lenye mizigo linashuka kuliko hizo milimita 10 unazotafuta. Bakia kwenye 195/65R15. Kama lazima, 205/65R15 yenye namba 94 inakubalika, mradi rimu iwe na upana wa inchi 5.5 au zaidi.

Matairi ya porini yenye kashata kubwa usiyafikirie kwa Premio. Yanapiga kelele, yanakula mafuta, na kwenye lami ya mvua yanasimama mbali kuliko ya kawaida. Kwenye utelezi wa udongo mwekundu kinachokusaidia ni mifereji mirefu ya kutosha na mwendo wa pole.

Lwangwa_4x4

Niongeze kwa wenye Subaru Forester na magari mengine yanayovuta kwa magurudumu yote muda wote, maana ushauri wa "nunua mawili" unawaumiza. Subaru wanataka mizunguko ya nje ya matairi manne isipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Hiyo ni tofauti ya kashata ya milimita 1 tu. Ukifunga mawili mapya ya milimita 8 na mawili ya 4, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanazunguka kwa mwendo tofauti hata ukiwa umenyooka, na kifaa cha katikati kinachogawa nguvu kinachemka mpaka kinaharibika. Ukarabati wake unazidi bei ya matairi mawili uliyookoa.

Kwa gari la kuvuta kwa mbele kama la mwenye mada, ikitokea siku umenunua mawili, mapya yakae nyuma. Mbele ikiteleza unaachia mafuta na gari linarudi. Nyuma ikiteleza kwenye kona, wengi hawaiwezi.

Fundi_Nzovwe

Sasa siku ya kufunga, simama pale uangalie haya.

Kila tairi liwekewe valvu mpya ya mpira. Ni kitu cha bei ndogo na ndicho kinachovuja polepole baada ya miezi. Tairi lenye neno OUTSIDE, upande huo utazame nje. Lenye mshale, mshale uelekee gari linakokwenda. Doa la njano ubavuni likae karibu na valvu, hapo ndipo tairi ni jepesi, na balansi itahitaji risasi (vipande vya uzito vya kwenye rimu) chache. Midomo ya rimu ipigwe brashi ya waya kabla, kutu ya hapo inavujisha upepo.

Nati zikazwe kwa msalaba, si kwa kuzunguka duara. Kiasi cha Toyota ndogo ni Nm 103. Kwa spana yenye mkono wa sentimita 30 ni sawa na kuning'iniza kilo 35 mwishoni. Mashine ya upepo ikiachwa imalizie kazi, nati zinapita hapo kwa mbali, stadi (bolti za gurudumu) zinavutika, na siku ya pancha jeki ipo ila hakuna anayeweza kufungua. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Alaimenti (mkao wa magurudumu) ipimwe siku hiyo hiyo, lakini viungo vya chini, yaani bushi, bolijointi na tairodi, vikaguliwe kwanza. Alaimenti juu ya bushi iliyokufa haikai hata wiki. Kabla hujatupa matairi ya zamani, yasome: yakiwa yamelika ndani tu, tatizo ni pembe za magurudumu. Yakilika kingo zote mbili, yalikosa upepo. Katikati, yalijazwa kupita kiasi. Yakiwa na mabonde mabonde, shokapu.

Kilomita mia chache za mwanzo usikimbize kona, tairi jipya lina utelezi wa mafuta ya kalibu lilimotengenezewa. Baada ya hapo badilishana mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000.

Uyole_Juu

Upepo je? Kila fundi wa pancha ana namba yake, mwingine 30, mwingine 40.

Mwanjelwa_Spea

Namba iko kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Imeandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate PSI, ambazo ndizo namba za mafundi wa pancha. 220 ni 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Pima asubuhi tairi likiwa limepoa, na uwe na mita yako mwenyewe.

Kwenu mnaoshuka na kupanda kuna jambo la ziada. Kyela iko kama mita 500 juu ya bahari, Mbeya mjini 1,700. Ukijaza 32 Kyela kwenye nyuzi 30 na kuja kulala Uyole kwenye nyuzi 10, baridi inashusha kama PSI 3, na mwinuko unapandisha karibu 2. Kwa hiyo asubuhi utakuta 31. Ukikuta 27, usisingizie baridi, tairi linavuja.

Upepo mdogo una madhara mawili kwa njia zako. Kwenye mteremko mrefu ubavu unajikunja kila mzunguko na kuchemka, halafu joto la breki linapita kwenye rimu na kuongezeka juu yake. Shuka kwa gia ya chini, breki zipumzike. La pili ni maji. Kanuni ya kukadiria ya utafiti wa NASA wa miaka ya 1960 inasema tairi la 220 kPa huanza kuelea juu ya maji yaliyotuama kwenye kilomita 94 hivi kwa saa. Likiwa na 150 kPa, ni 78.

Na hiyo spea ya 1508 usiisahau. Lile jembamba linajazwa 420 kPa, PSI 60, na mwendo wake wa juu ni 80. Wengi wanalikuta na 20 siku ya pancha. Lakini lako limeshavuka miaka 10, kwa hiyo usilijaze ukaridhika. Tafuta rimu moja ya inchi 15 inayoingia, na tairi zima la 195/65R15, ulilaze kwenye buti kama nafasi inaruhusu. Usiliweke lile jembamba mbele ukiwa unapanda Isyonje kwenye tope: mbele ndiyo inayovuta na kukata kona. Hamisha zima la nyuma lije mbele, jembamba likae nyuma.