Songwe (uwanja wa ndege wa Mbeya) hadi Songea kwa ndege: mtandao unasema dakika 25, wakala ananipitisha Dar

MamaT_Uyole: Habari za jioni ndugu zangu. Mama mkwe alifanyiwa upasuaji wa nyonga hapa Mbeya, sasa anataka kurudi kwake Songea. Akikaa kitako dakika arobaini hivi anaanza kuegemea upande wa kushoto, anashika kiti cha mbele, na hasemi kitu. Safari ya basi siwezi hata kuifikiria. Kikokotoo cha mtandaoni kimenipa kilomita 320 na dakika 25. Wakala wa tiketi naye anasema lazima tupitie Dar. Nani mkweli?

Mzee wa Mbalizi: Wote wawili, dada. Hizo 320 ni za mstari ulionyooka. Kikokotoo kinagawa kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, kilomita 800 kwa saa, basi. Songea linatua panga boi, yaani ndege ya mapanga, na hata lile lenye kasi halifiki 700. Halafu kuna kukimbia barabarani, kupaa, kushuka na kujipanga kutua. Hata ingekuwepo ya moja kwa moja, usihesabu chini ya dakika 45.

Kupitia Dar ndiko kunakoniumiza roho. Songwe–Dar ni karibu kilomita 690, Dar–Songea karibu 580. Jumla 1,270, mara nne ya ule mstari wako! Mgonjwa anapanda na kushuka ndege mara mbili, na katikati anasubiri kwenye viti vigumu.

Binti Mngoni: Pole sana dada. Uliza kwanza kama shirika lina kiti cha magurudumu na namna ya kumpandisha, maana panga boi lina ngazi. Omba na barua ya daktari ya kuruhusu kusafiri.

MamaT_Uyole: Ngazi! Sikuwaza kabisa. Hata ngazi tatu za barazani tunambeba.

Mzee wa Mbalizi: Ongeza na ukungu wa Songwe. Mwaka jana nilikaa pale tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano, ndege ikasikika juu, ikazunguka, ikaondoka zake.

Dereva Njombe: Shemeji, kodi gari dogo, kiti cha mbele kilazwe, mto chini ya paja. Barabara ni kama kilomita 470 kupitia Makambako, na Njombe ipo katikati kabisa. Laleni hapo. Kila baada ya nusu saa simama, ashuke anyooshe miguu. Siku ya pili ondokeni kumekucha, kona za Lukumburu, kati ya Njombe na Songea, zinataka mwanga na mwendo wa taratibu. Mchukulieni na blanketi, Njombe baridi yake si ya mchezo.

MamaT_Uyole: Nimemsomea yote. Kasema, "Ndege ya kuzunguka nchi nzima siitaki, nipelekeni Njombe nikalale." Kesho namwona daktari kwa barua, kisha tunatafuta gari. Asanteni mno.