Halmashauri imekataa kumfanyia mtoto tathmini ya EHCP (mpango wa elimu, afya na matunzo, huku England): "anaona 6/12"

Mama Rukia: Jamani, salaam. Binti ana miaka 7, ana nistagmasi, macho yanachezacheza tangu uchanga. Barua inasema kwa macho mawili anasoma 6/12, yaani anaona kwa mita 6 kile ambacho macho mazima huona kwa mita 12, basi hahitaji tathmini. Ripoti mpya hospitali inalazimika kutoa, au nilipie mwenyewe?

Shaaban: Pole dada. Hiyo 6/12 ilipimwaje? Wengi wa watoto hawa wana upande mmoja wa kutazama ambako macho hutulia, ndiyo maana hugeuza shingo. Kichwa kikinyooshwa kwa nguvu, uwezo wa kuona unashuka. Othoptisti, mtaalamu wa mwendo wa macho, aandike vipimo vyote viwili, na cha herufi zilizosongamana. Shuleni akae mbele katikati.

Mwl. Neema: Katikati siyo, Shaaban! Akigeuza uso kulia, macho yanatazama kushoto. Mweke upande wa kulia wa darasa ili ubao uwe kushoto kwake. Tena kitabuni anaona vizuri kuliko ubaoni, kwa sababu macho yakikutana kutazama karibu mara nyingi hutulia. Mwalimu akiona anasoma kitabu, anadhani hana shida. Apewe nakala yake ya kilichoandikwa ubaoni, na muda wa ziada: anahitaji muda zaidi kulinasa neno, na uchovu, homa au mtihani huzidisha kucheza kwa macho.

Baba Imani: Pata CVI, cheti cha upungufu wa kuona, kwanza, bila hiyo hawakusikilizi.

Mwl. Neema: CVI si sharti la EHCP. Tusipotoshane.

Juma K.: Kata rufaa kwa fomu SEND35A, ya kupinga kukataliwa tathmini: miezi miwili tangu tarehe ya barua, au mwezi mmoja tangu cheti cha usuluhishi, inayochelewa zaidi. Kifungu cha 36(8) cha Sheria ya Watoto na Familia ya 2014 hakitaji 6/12 popote. Kinauliza kama mtoto ana, au huenda ana, mahitaji maalumu, na kama huenda akahitaji mpango. Ila usiandike kwamba anaona dunia ikitikisika. Aliyezaliwa nayo kwa kawaida haoni hivyo, wakikuta hapo watakuangusha.

Bi Mwanaisha: Halmashauri hazina hela, wanakataa kwanza wakitumaini utachoka. Nyumbani bibi angemketisha barazani upande anaoona vizuri, yakaisha.

Baba Imani: Barazani sawa, bi mkubwa. Darasani angechapwa kwa kugeuza shingo.

Juma K.: Mama Rukia, barua ina tarehe gani?